Dawa Niliyomtia Ndama

Mjukuu wangu Yohana,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mvumi mtama umekomaa, ila nyumbani nimebaki na kuku tu. Unauliza kama uache dawa, maana jicho haliumi tena.

Enzi za Mjerumani, nikiwa msichana, Mzungu wa misheni alinipa dawa ya macho. Akasema, "Tia mpaka chupa iishe." Wekundu ulipotoka nikajiona nimepona. Ndama wetu alikuwa akitokwa machozi, basi iliyobaki nikamtia yeye. Baba akanisifu: "Huyu anajua ng'ombe!"

Ugonjwa ulirudi polepole, bila maumivu, ukanichukua macho yote mawili.

Maliza dawa, baba. Barua yako jirani amenisomea mara tatu. Ya nne nimeona haya kumwomba.

Bibi yako, kwa mkono wa mtoto wa shule