Karatasi Yenye Jina la Stacy

Lusail, Doha
10 Juni 2012

Kwako Baba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Natumaini wewe na Mama mko wazima, na yule ng'ombe mweusi ameshazaa. Mimi niko, ingawa si kwa uzima ule. Naandika kwa sababu simu siku hizi huisikii, na hata ungeisikia, chumbani tuko sita na sitaki wenzangu wasikie.

Baba, naumwa. Hii ni wiki ya tatu. Nikiamka macho yamevimba, ikifika mchana viatu vya kazi vinanibana hadi nafungua kamba, na mkojo wangu, nisamehe kukuandikia hivi, umekuwa kama strungi, ile chai isiyo na maziwa. Na bado nasimama ulinzi kwenye geti la mjengo kwa saa kumi na mbili, nikikagua mikoba ya wanawake wanaoingia. Nilimwambia supavaiza wetu, Dedan, nikidhani Mkenya mwenzangu atanielewa. Alicheka. Akasema, "Huku mgonjwa ana dawa moja tu, ndege." Wiki jana Joram wa geti la pili alisema kifua kinamuuma. Jumatatu kitanda chake kilikuwa kitupu, wamesharudisha mtu kwao.

Naogopa kuugua na naogopa kusema naugua. Emily wa cyber akikutolea barua hii kwenye kompyuta, mwombe asimwambie Mama.

Binti yako,
Jebet


Nandi Hills
14 Juni 2012

Mwanangu Jebet,

Salamu zetu zikufikie. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama yako mzima na hajui kitu. Mimi tangu nisome barua yako chakula hakipiti.

Sasa nisikilize. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi pale kiwanda cha chai miaka kumi na tisa. Mameneja saba walinipitia, na wote walikuwa na mdomo kama wa huyo Dedan wako. Supavaiza si sheria! Hakuna nchi inayoajiri watu wote hao bila kuandika mahali kwamba mtu huugua. Tafuta mtu anayejua. Halafu nenda hospitali, upate karatasi ya daktari. Bila karatasi watakuita mvivu. Ukiwa nayo wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki zake.

Japheth wa chumba cha kukaushia majani alificha homa siku nne kwa kuogopa kufutwa. Unakumbuka tulimzika mvua ikinyesha. Usinifanyie hivyo, mama. Nenda.

Baba yako,
Augustine


Lusail, Doha
29 Juni 2012

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama salamu, na ndama pia. Nimefanya ulivyosema, na nimeharibu kila kitu.

Kuna nesi Mkenya tunayesali naye, Valerie, anakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Nilimuuliza. Kumbe sheria ya kazi ya huku inasema hivyo hivyo ulivyosema, tangu mwaka wa 2004! Ukishamaliza miezi mitatu kazini, daktari akiandika kwamba unaumwa, unapumzika wiki mbili kwa mshahara kamili, kisha wiki nne kwa nusu, na hawaruhusiwi kukufuta ukiwa kwenye likizo hiyo. Mimi nina miezi minane. Nilimkumbatia Valerie hapo hapo mbele ya watu.

Lakini kadi ya afya sina. Tangu nifike ofisi inaniambia "bukra, bukra," yaani kesho. Sasa huku kambini tunakolala mwenye kadi humwazima asiye nayo, kama vile kwetu jirani anavyokuazima chumvi. Hakuna anayeuliza. Stacy, msichana wa Eldoret anayelala kitanda cha juu yangu, alinipa yake. Tukifunga vitambaa kichwani tunafanana.

Daktari alinipima damu akakunja uso. Ni figo, Baba. Aliandika wiki mbili za kupumzika, nirudi kwake tarehe nane Julai anipime tena. Nilifika kituo cha basi ndipo nikaisoma ile karatasi vizuri. Imeandikwa Stacy. Aliyepewa likizo ni Stacy, anayeumwa ni Stacy. Wallahi haikunijia kabisa! Nilifikiria dawa, sikufikiria jina.

Stacy ameniomba kwa machozi nisimpelekee mtu yeyote karatasi ile. Nimeificha ndani ya godoro. Kesho narudi getini.

Binti yako,
Jebet


Nandi Hills
3 Julai 2012

Mwanangu,

Hatujambo. Leo Emily ndiye anayeniandikia. Kosa lako ni langu pia. Nilikupigia kelele karatasi, karatasi, sikukumbuka kukuuliza kama una kadi.

Sasa rudi kwa daktari kabla ya tarehe nane, umwambie ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Wakikurudisha nyumbani, rudi. Utakuta kitanda chako kimetandikwa. Mimi siogopi urudi bila kazi. Naogopa simu ya mtu nisiyemjua, akiniuliza kama mimi ndiye baba yako.

Nijibu haraka.

Baba yako,
Augustine


Doha, wodini
17 Julai 2012

Baba,

Nisamehe kwa kimya. Niko hai, nianze na hilo. Nimelazwa siku tano sasa, na uvimbe unapungua.

Sikwenda kwa daktari. Niliogopa. Tarehe nane ikapita nikiwa getini. Kesho yake hospitali iliipigia kampuni simu: Stacy hajarudi na damu yake ni mbaya. Ofisi ikamwita, ikamwambia afungashe, kampuni haiweki mgonjwa wa figo. Baba, Stacy angeweza kunitaja, na hakunitaja. Alirudi chumbani akaniangalia tu. Nami nilinyamaza siku mbili nzima. Siku mbili! Naona aibu kuliandika.

Siku ya tatu niliingia ofisini, nikasema damu ile ni yangu. Wakubwa wa ofisi walipiga kelele, Dedan akanitukana kwa Kiswahili ili wao wasielewe. Lakini nilipelekwa hospitali mchana huo huo, na kadi yangu ya miezi minane ya bukra ilitoka kabla ya saa kumi. Sasa nina karatasi yenye jina langu, wiki mbili. Zikiisha sijui watanifanya nini.

Stacy wamemfuta kazi kwa kuniazima kadi. Nilimuuliza Valerie kama sheria ina neno la kumtetea. Alitikisa kichwa. Alhamisi anapanda ndege.

Barua hii siitumi kwa Emily. Nitampa Stacy mkononi, atakapokuja kuchukua kitambaa chake cha kichwa alichoniazima. Labda ataitia mkobani bila kuniangalia, aondoke. Akiitupa uwanja wa ndege sitamlaumu. Kwa hiyo kama unaisoma, basi ametoka Eldoret mpaka kwetu, na saa hii amesimama mbele yako.

Mkaribishe ndani, Baba. Mwambie Mama kila kitu, kisha ampikie chai ya maziwa. Usimuulize Stacy habari za karatasi. Mwangalie tu kama bado ana hasira nami, uniandikie.

Binti yako,
Jebet