Mbavu za Dada na Mdomo wa Mama Mkwe

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Dada yangu amefanyiwa kituko mbele ya wageni, hadi sasa hasira hazijanishuka.

Tangu asubuhi alikuwa jikoni na mbavu za nguruwe. Akazikaanga kidogo, akatia vitunguu na siki, akafunika, moto mdogo masaa matatu. Nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe!

Wageni wa mumewe wakaonja, wakauliza nani kapika. Mama mkwe, ambaye hata kitunguu hakumenya, akajibu: "Mimi. Huyu angewapa mawe mtafune."

HUYU! Na dada amesimama palepale!

Dada akamtazama mumewe, aliyemwona akitokwa jasho siku nzima. Lile bwege likalamba vidole: "Mama ana mkono, jamani."

Mama ana mkono!!

Dada hakulia wala hakutukana. Alifunika sufuria, akaibeba kutoka mezani, akatoka nayo mlangoni wageni wakitoa macho.

Sasa tuko kwangu tunakula. Shemeji amepiga simu mara sita. Ya saba dada kapokea: "Wageni wana njaa? Mwambie mwenye mkono awashe jiko." Akakata, akachukua ubavu mwingine.