Meneja Anaponyamaza

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha maboksi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo ndiyo ingekutoka kwanza. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika kidogo kwa kuinama kwenye mashine, lakini ni malalamiko ya kawaida, usimwambie mama akaanza kunitumia dawa za kuchua. Ninyi hamjambo? Goti la baba linamruhusu kupanda ngazi? Na wewe, unalala vizuri? Hilo la mwisho nataka unijibu kweli, si kwa adabu.

Barua hii unaletewa na mpishi wa kantini yetu, mama mmoja wa huko kwetu anayekuja likizo. Nimemsihi akukabidhi mkononi ukiwa peke yako. Utajiuliza kwa nini kaka mwenye simu anahangaika na karatasi kama mtoto wa darasa la nne. Ni kwa sababu uliniambia mwenyewe, tena ukicheka, kwamba mchumba wako anapenda kuishika simu yako na kusoma ujumbe wako. Mimi sikucheka.

Huku kazi ni ileile. Tunakata karatasi ngumu, tunazikunja zinakuwa maboksi, na mashine zina kelele kiasi kwamba kila mtu anavaa vizibo vya masikio tangu anapoingia hadi anapotoka. Tunazungumza kwa vidole. Ninayeishi naye chumba ni dereva wa zamu nyingine. Tunapishana mlangoni, yeye akivua viatu mimi nikivaa. Kuna siku narudi nagundua kwamba sijaisikia sauti yangu tangu asubuhi, basi naisalimia birika.

Ndiyo maana siku hizi nafikiria sana shule. Nalikumbuka bweni letu na vitanda vyake vya chuma, suruali tulizozilalia chini ya godoro ili zinyooke, na foleni ya bomba ambako habari zote za dunia zilijadiliwa kabla mtu hajanawa uso. Wakati ule nilidhani nataka amani. Sasa ninayo ya kutosha, na ile kelele naitamani kuliko chakula.

Na katikati ya kelele yote alikuwa yeye, mchumba wako. Tulimpa jina la Meneja tukiwa kidato cha kwanza kwa sababu hakuna jambo lililofanyika bila yeye kulipanga: nani alale kitanda kipi, nani afagie, nani akae na nani kwenye benchi la nyuma. Nilipougua homa, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua ikitunyeshea, akinitania njia nzima kwamba nina uzito wa gunia la mawe. Sijalisahau hilo, na nawe usilisahau unaposoma yanayofuata.

Uliponiandikia kwamba amekuposa, nilifurahi mpaka nikamwonyesha mpishi picha yenu kabla hata hajamaliza kunipakulia. Rafiki yangu na mdogo wangu. Nilitaka nini tena?

Kisha ukaniandikia lile jingine. Ulisema kwamba siku ile nyumbani kwa shangazi uliigiza mwendo wa Meneja, mwenyewe akiwepo, kama unavyoigiza mwendo wa kila mtu tangu hujaota meno ya mbele. Watu wakacheka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo hajakusemesha. Anakuja nyumbani, anakunywa chai, anaongea na baba habari za lile paa alilomsaidia kulitengeneza, wewe anakupita kama kiti. Wiki ya tatu sasa. Ukaniuliza: "Kaka, wewe umeishi naye. Nifanye nini aongee?"

Swali hilo limenikaa kichwani kiwandani kutwa kucha. Juzi nikakata mzigo mzima vibaya, msimamizi akaja kunionyesha kidole ambacho si cha salamu.

Hebu nikusimulie habari za Soksi. Alikuwa jirani yangu wa kitanda, mtu mpole, ila kicheko chake kilisikika hadi jikoni. Siku moja Meneja alijikwaa ulimi kwenye mdahalo, mbele ya shule nzima. Wote tulicheka, lakini kilichosikika ni kicheko cha Soksi. Meneja hakumgombeza. Alimnyamazia tu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga kila kitu, taratibu Soksi akakosa zamu ya bomba, akakosa nafasi kwenye benchi, akakosa wa kusoma naye. Mimi niliendelea kuongea naye, nami pia nikaambulia kununiwa. Hakuna aliyetukana wala kupiga mtu. Mwalimu wa zamu angeingia asingeona kosa la kumwadhibia mtu yeyote.

Mwishowe Soksi alimfuata kitandani kwake akamwomba radhi. Nilikuwa nimekaa palepale nikipiga viatu rangi. Meneja akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Unaomba radhi kwa kosa gani?" Soksi akasita. Akataja moja, akataja jingine, akaanza kutaja na mambo ambayo hakuyafanya. Meneja akafungua kitabu, akaendelea kusoma. Ukimya ukaanza upya mpaka shule ikafungwa.

Tuliporudi kutoka likizo, Meneja akamrudia kama vile hakuna lililotokea, akamgawia sabuni, akamtania. Na Soksi akashukuru, mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ila alirudi na tabia mpya: mtu akisema la kuchekesha, alimtazama Meneja usoni kwanza, halafu ndipo aliamua kama acheke au asicheke.

Nilijiambia kwamba hayo ni ya utoto, na kwamba mtu hukua. Nilijiambia hivyo mpaka Jumapili iliyopita tulipopigiana simu ya video, wote mkiwa sebuleni. Niliwasimulia tena kisa cha mwalimu wetu wa historia aliyesinzia akisimamia mtihani, akazinduka akatuuliza sisi ni darasa gani. Mama alicheka. Baba alicheka mpaka akakohoa. Wewe uligeuza macho pembeni kwanza, upande wa kochi alikokaa yeye, halafu ukatazama chini. Kisa hicho miaka yote wewe ndiye uliyekuwa ukinipokonya na kukimalizia. Simu ilipokatika nilibaki na hasira nisijue niipeleke wapi.

Kesho yake nilimpigia. Tulianza vizuri, akaniita kwa jina langu la shule, akanikumbusha ile homa, tukacheka. Nikamwambia wazi kwamba mdogo wangu anaumia, na kama ana la kumwambia basi amwambie. Akauliza: "Amekuja kunishtaki kwako?" Nikamjibu kwamba sijaletewa mashtaka, nina macho.

Basi akanyamaza. Hakukata simu. Nilimsikia anapumua, nikasikia mlango unafungwa huko alikokuwa na gari linapita. Nikaita halo, halo. Kimya. Na mimi, mtu mzima niliyeanza kuota mvi, niliye nchi nyingine ambako hana analoweza kunifanya, nikasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nikajikuta nataka kumwomba radhi, na sijui kwa kosa gani. Nikakata simu mimi.

Hiyo ilikuwa simu tu. Wewe utakuwa naye mezani, chumbani na njiani, na watoto wenu wakiwatazama wote wawili. Naogopa, na naandika neno hilo bila aibu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: hakuna la kufanya ili aongee. Ataongea siku atakapoona umejifunza, na utafurahi sana siku hiyo, na hiyo furaha ndiyo ninayoihofia kuliko haya machozi ya sasa.

Mwisho wa mwezi wazee watakaa kupanga tarehe. Baba sijamwambia neno. Anampenda, na zaidi ya hapo anayeolewa ni wewe, si paa. Pengine mimi ndiye niliyebaki bweni, na mwenzangu amebadilika. Basi mpe nafasi ya kulionyesha hilo. Kabla wazee hawajakaa, mwombe akuambie kwa kinywa chake kilichomuudhi. Mtu anayeweza kusema, "Uliniaibisha na iliniuma," mnaweza kujenga naye, na mimi nitakuja na suti mpya na nitaomba radhi mbele ya watu kwa kumdhania vibaya. Lakini akikuuliza unaomba radhi kwa kosa gani, usitaje hata moja. Nyanyuka, nenda kwa shangazi, unipigie kwa simu yake. Mimi nitazungumza na baba. Lawama waniachie mimi. Kwa umbali huu hazitanifikia zote.

Nisalimie mama na umwambie nakula. Msalimie baba na goti lake, na shangazi, ambaye kwenye mambo haya anajua zaidi kuliko anavyosema. Mapacha wa dada waambie kwamba bado naweza kuwatofautisha, wasijaribu kunidanganya kwenye picha. Mungu akutangulie katika hilo utakaloliamua, na akupe moyo wa kulisimamia.

Najua utakasirika. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wako, na pengine utaona nimekuvunjia nyumba ambayo haijajengwa. Basi nitukane. Niandikie kurasa nzima za matusi, mpishi akirudi ataniletea na nitazisoma zote. Ila wewe, mdogo wangu, usininyamazie.

Wako akupendaye, ukiwa na furaha na hata ukinuna,

Kaka yako wa maboksi.