Nguo za Mtoto Hazina Mikunjo

Liège, Ubelgiji

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Papa na wote wa nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Huko Nyamitaba mvua imepungua, au bado matope yanashika viatu? Mimi niko mzima, isipokuwa mikono, na nitakueleza. Ila tafadhali usifungue kifurushi kabla ya kumaliza barua hii, maana najua utanikasirikia.

Uliponipigia simu kunitangazia mtoto wa kaka Bahati, ulinipa na agizo: "Neema, utume nguo mupya za mutoto, zikuwe na mikunjo yake. Siku tutamupeleka kanisani, bantu baone haiko ya mitumba." Nilicheka, nikakumbuka Noeli zetu. Ulikuwa unafungia magauni yetu kwenye sanduku chini ya kitanda, nasi tunalala juu yake tukisikia harufu ya upya. Asubuhi tunayavaa jinsi yalivyo, mikunjo imesimama kifuani, hakuna anayethubutu kuegemea benchi asije akaivunja. Nilikuwa naipenda ile harufu, Mama. Kwangu ilikuwa ndiyo sikukuu yenyewe.

Sasa naivuta kutwa nzima. Kwenye depo ninapofanya kazi tunafungua makatoni ya nguo mpya na kuzitundika. Katoni ikifunguka, macho yanawasha. Mwezi uliopita nilinunua blauzi nzuri, nikaivaa Jumapili ileile bila kuifua, kama mtu wa kwetu anavyojua kuvaa. Katikati ya ibada shingo ikawaka moto. Wenzangu wanainua mikono kusifu, mimi nainua yangu kujikuna. Kesho yake vipele vilikuwa vimejaa mpaka kwenye viganja. Mama Zawadi, mwenzangu wa kazini, mtu wa Walikale asiyezunguka kwa maneno, akaniangalia.

"Ulivala mupya bila kufula?"

"Kwetu njo desturi."

"Hata kwetu. Enda kwa munganga."

Daktari alinieleza kwamba nguo nyingi hutiwa dawa huko kiwandani, nyingine za rangi, nyingine za kuifanya nguo isijikunjekunje ovyo, na kuna zinazobakiza formol. Formol, Mama! Ile wanayotia maiti! Nilitaka kukimbia. Akanituliza: si kila nguo, na mtu hafi kwa kuvaa blauzi, ila ngozi nyingine haivumilii, na ya mtoto mchanga ni laini zaidi. Nguo ifuliwe kwanza kwa sabuni ya kawaida, isuuzwe vizuri, ianikwe penye hewa. Basi.

Nilirudi chumbani nikazipakata zile nguo za mtoto nilizokuwa nimekwisha kununua, mikunjo yake imenyooka kama ulivyotaka. Nikakuona mlangoni mwa kanisa umembeba mjukuu wako, na wamama wote wanatazama. Sikujua nikutie wewe aibu au nimwache yeye awashwe. Mwisho nikazitia kwenye beseni.

Nilizifua kwa mikono hii inayowasha, ingawa mashine iko. Nikakumbuka mto wetu, tunavyosugua kwenye mawe na kuanika juu ya majani, na ile siku ng'ombe alipokanyaga shati jeupe la Papa, naye Papa akaenda nalo kanisani na alama ya kwato mgongoni, anaimba kwa nguvu kuliko wote. Nguo zetu zilikuwa zinanukia jua na moshi wa jikoni. Hizi nimezianika dirishani, ambapo jua linapita kama mgeni mwenye haraka. Nilinusa kijishati kimoja, hakikunukia kwetu hata kidogo. Nililia, Mama, sikufichi. Nimewakumbuka mno.

Nisalimie Papa, na kaka Bahati, na mke wake Riziki. Mwambie ale vizuri, asione haya mbele yako. Nisalimie na Mama Mchungaji, anayepanga watu kwenye viti vya mbele, maana najua ndiye atakayekuwa wa kwanza kuishika nguo na kuichunguza. Akiuliza mikunjo imekwenda wapi, usiinamishe kichwa. Mwambie shangazi wa mtoto yuko mbali, hakuweza kuja kumwogesha, ndiyo maana amemfulia.

Binti yako anayekupenda,
Neema