Jezi ya Kijani

Dada Sohvi uliyetukimbia,

Hatujambo, ila mbu wa huku Kainuu wametufyonza. Wiki ya mbio za ramani, za kutafuta vituo msituni, imefika katikati, na kila asubuhi Baba anatupandisha mlima mbio kama mbuzi. Mimi ndiye natangulia, usibishe.

Unajua tangu uhamie klabu ya jirani jina lako halitajwi nyumbani. Basi jana nikavaa ile jezi yao ya kijani uliyonitumia. Baba, kocha mzima, akaganda.

"Vua hilo tambara!"

"Nikivua nitakimbia kifua wazi, Baba."

Nikaingia msituni. Kwenye kinamasi vijana wetu wote walimfuata Eetu, kipenzi cha Baba, kama vifaranga, wakagusisha kadi zao za kurekodi kwenye bendera ya kituo ya kwanza waliyoiona. Eetu akaniita:

"Tuukka, ni huku, mjinga wewe!"

Shule ilinishinda, sawa, lakini wewe ulinifundisha kusoma kwanza namba ya kituo. Ya bendera ile haikuwa yetu. Yetu ilikuwa nyuma ya jabali. Wao wakafutiwa matokeo, mimi nikashinda.

Baba akauliza, "Nani kakufundisha kukagua namba?"

"Si unamjua?"

Akaenda kujifukiza mvuke sauna peke yake. Leo asubuhi nimeikuta jezi imefuliwa, inaning'inia mbele ya hema letu, klabu nzima inaiona. Na mimi sijawahi kufua kitu, unanijua.

Kesho naivaa tena. Njoo Jumamosi unishangilie, na asiyetaka kukuona ahame yeye.

Mdogo wako, mwepesi kuliko wewe,
Tuukka