Kuchomoa Kuni Si Kuzima Moto

Euless, Texas

Mke mwenzangu Salma,

Mume wetu, babu yako, hajambo, anakusalimu huko Houston. Baba yako mdogo bado yuko kazini uwanja wa ndege.

Umeniuliza kama kuacha vidonge vya saratani ya damu ndiko kukata tamaa. Nani kakudanganya? Vipimo vilionyesha dawa inaliumiza ini, daktari akaniambia niisimamishe kwanza.

Nilipokuwa msichana Tanga, nilipewa sufuria ya pilau ya harusi niisimamie. Moto ukazidi, nikasikia harufu ya kuungua, nikachomoa kuni. Wanawake wakanicheka, eti leo wageni watakula mchele mbichi. Nilifunika, nikaacha makaa yafanye kazi, kisha nikarudisha kuni moja moja. Wageni waligombea mpaka ukoko.

Sasa ini limetulia, na daktari amenirudishia vidonge, vichache kuliko mwanzo. Unga wa mlonge alioniletea jirani nimemrudishia, maana ini langu halitaki mzigo mwingine.

Hao wanaonong'ona kwamba Bibi kashindwa, waambie waje na sahani.

Ni mimi bibi yako, sijaipua.