Chupa ya Mjane wa Sarepta

Butembo, Jumapili baada ya ibada

Mpendwa yaya Éphraïm, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana, wewe, bibi yako na watoto. Natumaini huko Kasindi malori yanapita vizuri na vumbi lake halijakumaliza kifua. Sisi tu wazima, ila baridi ya Butembo inatutafuna mifupa, na Mama bado anasema tulipohama Beni tulisahau jua kule. Tafuta kiti kabla hujaendelea, maana mwisho wa barua hii una jina lako.

Unaikumbuka bunduki ya Babu Zorobabel, ile ya kutia risasi moja moja, aliyokuwa akifukuzia nyati katika maharagwe. Mwaka huu komanda wa askari wa hapa alitangaza kwamba kila mwenye bunduki ya kuwindia ailete asubuhi, ipigwe mbele yake. Isiyolia itakatwa kwa msumeno. Baba alivaa koti lake la ibada, akalenga kilima, akavuta kidole: tik. Akabaki vilevile, mdomo wa bunduki ukiangalia kilima, akasema Zaburi ya mchungaji yote, polepole, ndipo akaifungua, maana Babu alimfundisha kwamba risasi iliyokataa inaweza kubadili mawazo. Akatia nyingine: tik. Komanda akamhurumia, akampa wiki moja. Siku ile Baba hakula, na mimi nililia jikoni. Sijawahi kumwona mzee yule amekuwa mdogo hivyo.

Basi kila mtu akawa daktari. Précieux, fundi wa pikipiki jirani yetu, alisema risasi zimezeeka. Baba akapanda lori mpaka Beni kuomba mpya kwa rafiki yake mwindaji, na kule wakajaribu kwanza zile za zamani. Zikalia zote! Alirudi akiimba. Kesho yake hapa Butembo, hata risasi mpya: tik. Précieux akasema basi ni springi, akaipima, akaikuta nzima. Halafu akanionyesha makalio ya risasi: ile ya Beni ilikuwa imegongwa mpaka ikaingia shimo, ile ya Butembo ilikuwa na alama tu, kama umeigusa kwa kucha. Alisema sindano ya ndani inayogonga risasi inafika imechoka, lakini ni nani anayeichosha? Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi, Baba akawafukuza uani.

Asubuhi moja nilikuwa napika sombe, majani yetu ya muhogo. Nikapindua chupa ya mawese, kitu hakitoki, yameganda kama kawaida ya huku. Kule Beni hatukuwahi kungoja mawese yayeyuke! Nilisimama na chupa mkononi kama mjinga, halafu nikakimbia kwa Précieux. Alipokifungua kile chuma ambamo sindano inakaa, ndani kulijaa mafuta mazito, mekundu, yananuka jikoni kabisa. Baba aliangalia pembeni, akakohoa. Précieux akakiosha kwa petroli, akakikausha, akapaka tone moja la mafuta ya cherehani. Mbele ya komanda, yaya, bunduki ililia mpaka kunguru wa kilima kizima wakaruka na komanda mwenyewe akashika kofia. Baba, mzee wa kanisa mzima, alirudi nyumbani akicheza njiani, na mimi nyuma yake napiga vigelegele bila aibu.

Sasa, nani alitia mawese? Unaijua ile chupa ndogo ya kahawia ambayo Mgiriki wa kahawa alimwachia Babu, yenye mafuta ya bunduki. Baba alijisifu miaka yote kwamba mafuta yake hayaishi, kama ya yule mjane wa Sarepta katika Biblia. Jioni ile Mama alisukuma sahani ya ugali, akaungama. Alisema wewe, ulipokuwa mdogo, uliimwaga chupa nzima kwenye magurudumu ya chukudu yako, ile baiskeli ya mbao, ili umshinde mtoto mwenzako Abdias katika mbio. "Ningefanya namna gani? Alikuwa mutoto tu, na baba yake iko na fimbo." Tangu siku hiyo amekuwa akiijaza mawese yeye mwenyewe.

Wote tukamgeukia Baba. Akatafuna kwanza, akameza, akasema: "Mimi hapana kipofu. Bunduki inanuka sombe miaka yote." Kumbe alijua toka mwanzo! Alinyamaza kwa sababu alipenda kumtazama Mama anavyoinamisha kichwa kila akimtaja yule mjane. Ila hakufikiri kwamba mawese yanaogopa baridi. Mama alimpiga na kitambaa cha sahani, wakacheka mpaka machozi, na mimi nikalia kwa furaha, maana tangu tutoke Beni sijawasikia wakicheka hivyo.

Hukumu yako imetoka. Amende, yaani faini, ni jogoo mmoja na chupa ya mafuta ya cherehani, uvilete kwa mikono yako mwenyewe, siyo kutuma dereva. Chupa ya kahawia Mama ameijaza tena mawese, na Baba ameirudisha juu ya kabati, mahali pake.

Wasalimie wote wa nyumba yako, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakuombea kila usiku. Baba naye hana maneno mengi, anataka tu kujua: Abdias ulimshinda?

Ni mimi mdogo wako, nisiyeweza kufunga mdomo,

Florentine